Kushusha kifuniko cha kioo si kufunga gesi

Katika baadhi ya nyumba za Nairobi, watu huamini kwamba ukishusha kile kifuniko cha kioo juu ya jiko, gesi nayo imefungwa. Imani hiyo ina chanzo: yapo majiko yenye vali inayokata gesi kioo kikishuka. Mengine hayana.

Kikiwa wima, kioo hukinga ukuta usirukiwe na mafuta unapokaanga samaki. Kikishushwa, huzuia vumbi na mende. Gesi hufungwa kwenye swichi za jiko, kisha kwenye regyuleta ya mtungi.

Kinachonitia hofu zaidi ni joto. Kioo hiki huwa kimeimarishwa, lakini kikilazwa juu ya jiko lililotoka kuzimwa sasa hivi kinaweza kupasuka ghafla, kikamwagika punje punje sakafuni, na watoto wako pekupeku. Acha jiko lipoe kabisa.

Kujua kama jiko lako lina vali hiyo, soma kijitabu kilichokuja nalo. Mara nyingi onyo la joto limechapishwa kwenye kioo chenyewe. Usijaribu kwa kukishusha juu ya moto unaowaka.