Cobra ya 2017 na wazee wake: jina la mmoja, mwili wa mwingine

Kampuni ya Colt ya Marekani ilipoirudisha bastola yake ya Cobra sokoni mwaka 2017, sisi tunaozipenda rivolva zake ndogo, yaani bastola za silinda inayozunguka, tulifurahi kweli. Kazi yangu ni kurekebisha bastola za zamani, na hizi ndogo za Colt ndizo ninazozifungua mara nyingi kuliko zote. Tangu nilipoishika hiyo mpya, nimebaki na kauli moja: ni bastola nzuri sana, ila si Cobra. Ni Detective Special iliyopewa jina la mdogo wake.

Asili yake iko mbali. Mwaka 1927 Colt iliichukua Police Positive Special, rivolva ya polisi wa Marekani iliyokuwapo tangu 1908, ikaupunguza mtutu hadi inchi 2 na kuiita Detective Special. Ilikuwa ya chuma kitupu, yenye uzito wa takriban gramu 600, na ilibeba risasi sita za .38 Special. Hiyo risasi ya sita ilikuwa jambo kubwa. Smith & Wesson, washindani wa Colt, walipoleta rivolva yao ya Chiefs Special mwaka 1950, ilikuwa na tano tu, na silinda yake ilikuwa nyembamba kuliko ya Colt kwa milimita chache.

Mwaka huohuo wa 1950 ndipo Cobra ya kwanza ilipozaliwa. Ilikuwa Detective Special ileile, isipokuwa fremu ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, huku silinda na mtutu vikibaki chuma. Uzito ukashuka hadi gramu 425 hivi. Wepesi ndio uliokuwa Cobra, hakuna kingine. Mpelelezi aliweza kuishindisha kwenye mfuko wa koti bila koti kuvutika upande mmoja. Ndiyo aina ya bastola ambayo Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku, alimpigia risasi Lee Harvey Oswald, mshukiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, tarehe 24 Novemba 1963, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya makao ya polisi wa Dallas, mbele ya kamera.

Sasa iweke hiyo ya 2017 kwenye mizani. Ni ya chuma kisichoshika kutu, fremu na vyote, na inafika gramu 700 na ushee. Imeizidi hata Detective Special, na imeizidi Cobra ya 1950 kwa karibu gramu 280. Anayeitaka kwa ajili ya kuibeba mfukoni siku nzima ataziona gramu hizo kabla ya jioni. Lakini anayekwenda uwanja wa shabaha atazishukuru, maana Cobra ya alumini inarusha mkono vibaya sana, hasa kwa kile kimpini chake chembamba cha mbao kinachoacha pengo nyuma ya kilinzi cha kifyatulio. Wengi walilijaza pengo hilo kwa kipande cha alumini kilichotengenezwa na kampuni ya Tyler. Ile mpya imekuja na mpini wa mpira wa Hogue unaojaa kiganjani, na imeruhusiwa risasi za nguvu zaidi za +P. Kwenye fremu ya zamani ya alumini mimi risasi hizo siziweki.

Kilichonifurahisha zaidi ni kifyatulio. Colt za zamani zina tabia yao: ukivuta moja kwa moja bila kuinua nyundo kwanza, mwanzo ni laini kama siagi, kisha uzito unapanda na kupanda kadiri nyundo inavyokaribia kuanguka. Mkono usiozoea hutikisika hapohapo mwishoni, na risasi inakwenda chini. Hiyo inatokana na springi moja bapa yenye umbo la V: mguu mmoja unasukuma nyundo, mwingine unakandamiza wenzo unaokirudisha kifyatulio na pia kukiamrisha kizuizi cha silinda, kile kinachoishika isizunguke. Kila kitu kimeshikana na kila kitu. Fundi wa kiwanda cha Colt mjini Hartford alikuwa akivipatanisha vipande hivyo kwa tupa, kimoja kimoja, na asiyejua mpangilio huo akigusa kimoja anaharibu vitatu. Kwenye Cobra mpya mvuto ni wa usawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa upande huu mjukuu amewashinda wazee, nami nasema hivyo nikiwa napenda sana kazi ya wale wazee.

Usalama nao umebadilika. Zamani sindano ya kugonga risasi ilikuwa kwenye nyundo yenyewe, na kipande cha chuma kiliizuia nyundo isifike mbele mpaka kifyatulio kivutwe. Sasa sindano imo ndani ya fremu, na kuna kibamba kinachopanda kati yake na nyundo pale tu unapovuta. Kipande cha zamani kilikuwa kinazuia pigo. Cha sasa ndicho kinacholifikisha. Kwenye shabaha ya mbele wameweka uzi mwekundu unaokusanya mwanga, nao unaonekana upesi kuliko ule ukingo wa chuma wa zamani.

Kilichopotea ni ule mkazo. Kwenye Detective Special nzima, ukikishikilia kifyatulio nyuma, kidole kinachozungusha silinda huibana kwenye kizuizi chake mpaka isicheze hata unywele. Ile mpya haibanwi namna hiyo. Bei ya mkazo huo ni kwamba kidole kinalika, na ndiyo sababu Colt nyingi za zamani zinanijia zikiwa zimepoteza mpangilio, yaani silinda inachelewa kujifunga nyundo inapoinuliwa.

Kwa hiyo ukiletewa ya zamani uinunue, kwanza fungua silinda na uhakikishe matundu yote sita ni matupu. Kisha ifunge, weka kidole chepesi kwenye silinda kama breki, na uinue nyundo polepole sana. Sikiliza. Kizuizi lazima kiingie kwenye kitobo chake kabla nyundo haijakaa nyuma, au palepale inapokaa. Nyundo ikikaa na silinda bado haijafungwa, tundu hilo linachelewa. Kwa vyovyote, rudia kwa tundu la pili, la tatu, mpaka la sita, maana wakati mwingine ni moja tu linalochelewa. Likichelewa hata hilo moja, usiipige risasi kabla ya fundi anayezijua Colt kuifungua, na gharama yake ipunguze kwenye bei.