Kifafa cha mimba hakingoji kitambulisho

Maswali haya huulizwa sana na akina mama wanaokuja kliniki hapa Lamu, hasa Wabajuni wa visiwa vya kaskazini na Waaweer wa upande wa Basuba.

Swali: Kifafa cha mimba ni nini?
Jibu: Presha ya mjamzito ikipanda sana, huweza kuanza kutukutika na kupoteza fahamu. Baada ya wiki 20 za mimba, presha ya 140/90 kwenda juu inataka daktari. Kabla ya kifafa, wengi huumwa kichwa kisichotulia kwa dawa, macho huona ukungu, uso na mikono huvimba, au huumwa chini ya mbavu.

Swali: Sina kitambulisho wala SHA, ile bima ya afya ya serikali. Si nitarudishwa?
Jibu: Njoo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema ni kosa kuyanyima. Najua Mbajuni anavyohojiwa akiomba kitambulisho, mpaka vyeti vya babu. Ni dhuluma. Lakini usiingoje karatasi ukiwa na kichwa hicho. Njoo bila karatasi!

Swali: Mara ya mwisho niliitwa mtu wa msituni. Nirudi kwa nini?
Jibu: Pole sana, dada. Aliyekuita hivyo amekosa, na wahudumu wenzangu wenye tabia hiyo waelewe: mama mnayemtukana leo ndiye atakayeletwa kesho hajitambui. Hata hivyo usibaki nyumbani. Njoo na shangazi au jirani mwenye ulimi, mtaje dalili moja moja, na mdai presha ipimwe.

Swali: Labda ni damu yetu tu, watu wa kabila letu hufa wakizaa?
Jibu: Si damu. Marekani wanawake Weusi hufa kwa sababu za uzazi takriban mara tatu kuliko Wazungu, na hata waliosoma chuo kikuu hawakuokoka na pengo hilo. Kutosikilizwa na kucheleweshewa matibabu ni sehemu kubwa ya sababu, na hayo yanarekebishika.

Swali: Mgonjwa akianza kutukutika, mama mkwe asema ni pepo, tumpe kombe kwanza, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani.
Jibu: Hapana, hapana. Asiyejitambua hapewi kombe, maji wala uji; vitaingia mapafuni. Msimtie kijiko mdomoni. Mlazeni ubavu wa kushoto, mpigie simu kituo cha afya, mwondoke. Dua isomwe chomboni, njiani. Hospitalini kuna sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia kifafa kurudi, na hakuna mganga aliye nayo. Walio Kizingitini au Siyu wakimbilie hospitali ya Faza kwanza, wasisubiri chombo cha Lamu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo ondokeni dalili zinapoanza, mchana. Nachoka kupokea mama usiku wa manane ambaye kichwa kilimuuma tangu juzi na nyumba nzima ilijua.

Swali: Nimeshajifungua. Nimesalimika?
Jibu: Bado. Kifafa huweza kuja hata baada ya kuzaa, zaidi siku za mwanzo, na hatari huendelea hadi wiki 6. Arubaini, zile siku 40 za kukaa ndani baada ya kuzaa, isikufungie: kichwa kikikuuma hivyo, toka siku hiyohiyo upimwe presha.