Klachi ya nguvu: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Umefunga klachi ya nguvu kwenye Impreza ya turubo kwa sababu ile ya kiwandani ilishindwa kubeba injini uliyoiongezea presha. Siku tatu baadaye pedali ni nzito, gari linarukaruka ukiondoka, na kwenye foleni kuna harufu ya kuungua. Fundi anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa: "Bosi, umepigwa. Hii feki." Gia boksi inashushwa mara ya pili, hela ya ufundi inalipwa mara ya pili, na kosa huenda halikuwa humo kabisa. Nimeona klachi nzima zikitupwa hivi, na inaniuma.

"Vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi. Injini ikizima, klachi ni nzima."

Hiki kipimo kinapoteza watu kuliko vyote. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, haina nguvu ya kuishinda hata pleti (diski ya klachi inayosugua) iliyokaribia kwisha, kwa hiyo itazima tu. Klachi ya nguvu huteleza pale injini inapotoa nguvu zake zote, na kwa turubo ni pale presha inapojaa. Tafuta barabara iliyo wazi. Ukipata kilima ni bora zaidi. Weka gia ya nne, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zikiwa 2,000 hivi, kanyaga mafuta mpaka chini huku ukitazama mshale wa resi. Ukipanda sambamba na mwendo, klachi inashika. Ukiruka peke yake na mwendo ukabaki palepale, inateleza. Usirudie mara tano, maana kila kuteleza kunaunguza pleti na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake.

"Ikiteleza ikiwa mpya, ni feki."

Ya kwangu ilikuwa inashika vizuri asubuhi. Baada ya dakika arobaini za foleni Barabara ya Morogoro, resi zinapanda, gari haliendi. Ikilala usiku, kesho yake nzima tena. Niliambiwa niirudishe dukani nikadai hela yangu.

Mzee mmoja fundi alifanya jambo moja tu. Gari likiwa bado la moto na linateleza, aliingia chini ya boneti akalegeza nati ya kutolea upepo kwenye klachi masta ya chini, ile pampu ndogo ya kwenye gia boksi inayosukumwa na mafuta kutoka masta ya juu ya kwenye pedali. Mafuta ya klachi yakaruka kidogo kama mate, akakaza. Nikaondoka, klachi inashika kama ya asubuhi.

Kumbe aliyefunga alirefusha fimbo ya pedali ili klachi ikate (iachie injini) mapema, akamaliza ulegevu wote wa juu. Fimbo ikibana namna hiyo, pistoni ya klachi masta ya juu hairudi mpaka mwisho, na kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanaisukuma klachi taratibu kana kwamba mguu wako uko juu ya pedali. Tuliifupisha fimbo mpaka pedali ikawa na mchezo wa milimita chache. Klachi ile iko garini hadi leo.

Kwa hiyo ikiteleza ikiwa moto tu, anzia kwenye pedali. Ikiteleza muda wote, uliza flaiwili ilichongwaje. Zipo zenye ngazi: pale presha (bamba la klachi linaloibana pleti) inapofungwa bolti na pale pleti inaposugua ni vimo viwili tofauti. Ukichonga pa kusugulia ukaacha pengine, presha inapoteza mbano hata kama imetoka kwenye boksi jana.

Halafu ipe muda. Pleti na flaiwili zinahitaji kuzoeana, kilomita 500 hadi 800 za mjini, za kuondoka na kusimama, bila kukanyaga mafuta mpaka chini. Safari ndefu ya Dar hadi Morogoro haisaidii sana hapa, kwa kuwa njia nzima klachi imeshika tu. Harufu nyepesi siku hizo za kwanza isikutishe.

"Kurukaruka wakati wa kuondoka ni ubovu."

Inategemea umefunga nini. Pleti ya vipande vinne au sita vya mchanganyiko wa shaba na kerami inadaka ghafla, na isipokuwa na springi katikati inatikisa gari zima. Ndivyo ilivyo, utaishi nayo. Lakini pleti ya nyuzi kama ya kiwandani ikirukaruka hata baada ya kuzoeana, kagua maunting (mipira inayoishikilia injini) kwanza, kisha ndiyo uanze kuishuku flaiwili au oili iliyolowesha pleti.

"Klachi za nguvu zote zinagoma kuingia gia."

Hapana. Pedali inaweza kuwa nzito, lakini klachi ikikata sawasawa gia inaingia. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga klachi, hesabu hadi kumi, weka rivasi. Ikikwaruza, haikati. Toa upepo, angalia kama masta zinavuja, na mtu akukanyagie pedali wewe ukitazama uma, mkono unaosukumwa na masta ya chini, unatembea kiasi gani. Usikimbilie kurefusha fimbo, umeshaona inakoishia. Upepo ukiwa umetoka na uma unatembea vizuri, huenda pleti ilifungwa kinyume.

Milio ni rahisi zaidi. Kelele ya sailensa inayopotea ukikanyaga klachi ni ya gia boksi, na ukiwa na flaiwili nyepesi ni jambo la kawaida. Inayoanza ukikanyaga, ishuku rilizi beringi, ile beringi inayoachilia klachi ukikanyaga pedali.

"Steji 3 ni bora kuliko steji 1."

Hakuna kipimo kimoja cha steji. Kila kiwanda kinajipangia. Uliza klachi inabeba torki (nguvu ya kuzungusha) kiasi gani, linganisha na injini yako, achana na namba ya kwenye boksi.

"Ikilowa oili, osha pleti kwa petroli ufunge."

Pleti ya nyuzi ikishanywa oili imekwisha. Ukiiosha itashika siku mbili, ikipata moto oili inatoka ndani na unarudi palepale. Hapa kweli gia boksi ishuke. Na ikishashuka, badilisha sili ya nyuma ya krenki na ya shafti ya gia boksi kabla pleti mpya haijaingia.