Wazo lako hakuna anayelivizia: dhana potofu za wanaotoa bidhaa jikoni

"Kaka, nina wazo kubwa, ila siwezi kulisema kwenye simu."

Kauli hiyo nimeisikia mno, na naona ni heri niijibu kwa maandishi. Kazi yangu ni kushauri watu na vikundi wanaotaka kuitoa bidhaa jikoni mpaka ikae kwenye rafu ya duka: pilipili ya chupa, unga lishe, siagi ya karanga, sabuni, viungo vya pilau. Wengi wanakuja na kitu kizuri na mikono inayojua kazi. Kinachowakwamisha mara nyingi si mtaji wala mashine. Ni mambo waliyoaminishwa na jirani, na mitandao, na wakati mwingine na mkufunzi wa semina ya siku moja. Nianze na linalonikera kuliko yote, maana linaua bidhaa nyingi kabla hazijaonjwa na mtu.

"Nikisema wazo langu wataliiba. Kwanza nipate hataza."

Mama anaingia ofisini na chupa iliyoviringishwa kwenye kanga. Kabla hajaifungua anataka nisaini karatasi kwamba sitamwambia mtu. Ndani mna pilipili iliyopikwa na embe mbichi na kitunguu saumu, na kwa kweli ni tamu. Lakini pilipili ya embe inapikwa pwani yote hii tangu enzi za bibi zetu. Hataza anayoitaka, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, haikutungwa kwa ajili ya kitu hicho. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara, ya mwaka 1987, inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo mjuzi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi, na kiweze kuzalishwa au kutumika viwandani. Wazo tupu halisajiliwi. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kwamba atakusajilia.

Watu wanachanganya vitu vinne, na kila kimoja kina dawa yake. Wazo lenyewe, yaani "niuze pilipili ya embe kwenye chupa", halina mwenyewe, kwa hiyo liseme kwa kila anayeweza kukusaidia. Vipimo ni jambo jingine: chumvi gramu ngapi, siki kiasi gani, jikoni dakika ngapi. Hiyo ni siri ya biashara. Iandike, ifungie kabatini, wajue wanaopika tu, na wanaopika wasaini kwamba hawataitoa. Jina na nembo vinasajiliwa kama alama ya biashara. Kisha kuna uvumbuzi wa kweli, tuseme mashine ya kubangua korosho inayofanya kazi kwa namna ambayo haijawahi kuonekana popote. Hapo ndipo ninaposema nyamaza: usiipeleke Sabasaba, usiirushe mtandaoni, mpaka maombi yako yapokelewe BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, au BPRA, wakala wa namna hiyo kwa walio Zanzibar, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika kule Harare, ukitaka ulinzi wa nchi kadhaa kwa maombi mamoja. Kuitangaza hadharani mapema kunaweza kuiondolea upya wake kisheria. Wa kundi hili wapo, lakini ni wachache sana kati ya wanaonijia, na hata hao wanapaswa kuongea na mwanasheria na fundi, si kukaa kimya na kila mtu.

Mbaya zaidi, anayeficha hapati wa kumwonyesha kosa. Turudi kwenye chupa ile. Ikikaa wiki chache kifuniko kinavimba katikati, ukikibonyeza kinarudi juu, na ukikifungua kinatoa pumzi na povu. Imechacha. Mwanamke yeyote aliyewahi kuuza achari angemwambia pale pale: siki haitoshi, na umejaza ikiwa imepoa. Chakula cha chupa cha namna hii tunataka pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), iwe chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo, ndani ya chupa isiyo na hewa, bakteria wa botulismi wanaweza kukua na kuacha sumu inayoua. Mimi husema lenga 4 au chini yake, uwe na nafasi ya kukosea. Kipimo kidogo cha mkononi kinatosha, na SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, watakufundisha kukitumia. Chemsha chupa, jaza pilipili ikiwa ya moto, funga, geuza ikae kichwa chini dakika chache. Hakuna cha siri hapo, kila mpishi wa achari anakijua. Lakini mama huyu alimwogopa kila mpishi wa achari wa mtaa wake.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama wakulima wa mwani wa Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kwa miaka mingi kazi ya wanawake iliishia kwenye kuuza mwani mkavu kwa kilo, kwa bei isiyolingana na jasho lao. Mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa kongano la mwani Zanzibar, yaani muungano wa wakulima, watafiti na serikali, ambao mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari amekuwa mhimili wake. Wanawake wa Kidoti, kaskazini mwa Unguja, wakaanza kuusaga mwani na kuutia kwenye sabuni, pamoja na karafuu na viungo vingine vya visiwani. Hawakuifungia kazi ile Kidoti. Wakulima wakakutana na watafiti na watu wa serikali, ujuzi ukavuka kwenda vijiji vingine, na leo sabuni ya mwani inatengenezwa sehemu kadhaa za kisiwa. Wazo walilogawana limegeuka kuwa aina nzima ya bidhaa inayotambulika kuwa ya Zanzibar, na mgeni akishazoea jina "sabuni ya mwani", kila kijiji kinafaidi. Kijiji kimoja peke yake, kimefunga mlango, kisingeweza kumfundisha mteja maana ya sabuni hiyo.

Kuna mfano wa mbali pia, ambao huwaambia vijana wanaopenda habari za teknolojia. Mwaka 2009 Ben Kaufman alianzisha kampuni ya Quirky mjini New York. Mtu wa kawaida alileta wazo lake la nyumbani mbele ya maelfu ya wengine, wakalijadili, wakalipigia kura, wakapendekeza umbo, jina, hata bei. Wazo likichaguliwa kampuni ililitengeneza, na mleta wazo pamoja na waliochangia wakapata asilimia ya mapato. Jake Zien alikuwa bado mwanafunzi alipoleta wazo la ekstensheni ya umeme inayopinda, ili chaja nene zisizibane matundu ya jirani. Watu zaidi ya 700 walichangia kuiboresha. Ikaitwa Pivot Power, ikauzwa sana, ikamwingizia Zien fedha nyingi. Yote hayo yalianza kwa kulisema wazo mbele ya umati.

Quirky ilifilisika na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2015, na hapo wanaoficha hudhani wameshinda mjadala. Hawajashinda. Wazo kuibiwa halikuwa chanzo. Kampuni ilitoa bidhaa nyingi mno kwa kasi, ikamwaga fedha kwenye vitu ambavyo soko halikuvitaka, na uzalishaji ukala fedha nyingi kuliko mauzo yalivyoleta. Huo ndio ugonjwa ninaouona hata kwenye vikundi vyetu: mwezi wa kwanza pilipili, wa pili sabuni, wa tatu mishumaa, na hakuna hata kimoja kilichopata wateja wa kurudia.

"Mbona kikoi kiliibiwa?" Hili nalo naulizwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY kama alama ya biashara. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na maombi yale yakaachwa. Lilikuwa suala la jina, wala si hataza ya vazi. Tena lililokiokoa kikoi ni kule kujulikana kwake: lilikuwa jina la watu wengi, na walijitokeza kulitetea.

"Nimesajili jina BRELA, hakuna mwingine wa kulitumia."

Jina la biashara ni kitambulisho cha biashara yako. Ulinzi wa jina lililo kwenye chupa unatokana na alama ya biashara, nayo inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: sabuni daraja la 3, viungo na sosi ya pilipili daraja la 30. Ukisajili la 30 peke yake, mwingine anaweza kupata jina hilo hilo kwa sabuni. Usajili wa Bara unadumu miaka 7, ukihuishwa unakwenda miaka 10 kila mara. Na hauvuki bahari: Zanzibar ina msajili wake, kwa hiyo ukitaka kuuza soko la Darajani, Unguja, kasajili na huko.

"Ina bakodi, maana yake imethibitishwa."

Hapana. Bakodi, au msimbomilia, ni namba ya kuitambua bidhaa, basi. Tarakimu 620 mwanzoni zinaonyesha kwamba namba imetolewa na GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba hizo, na hazisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Ubora ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia pia chakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Kama biashara yako ni ndogo, pitia SIDO kwanza upate barua ya utambulisho, kwa sababu barua hiyo inakupunguzia mzigo wa gharama za mwanzo TBS. Na usiniulize mkato. Wanaonunua nembo ya kubandika wanajiweka pabaya wao na wateja wao.

"Cha nyumbani ni cha asili, hakina madhara."

Hili linanitisha, hasa kwenye unga lishe na siagi ya karanga, kwa sababu mlaji wa kwanza ni mtoto. Mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, haina ladha, na kukaanga hakuimalizi. Ukungu hauulizi kama karanga zimesagwa kiwandani au jikoni kwako. Nunua kwa mkulima unayejua alikaushia wapi, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chambua punje kwa punje, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitupwe. Usizirudishe hata kwa ajili ya kuku. Kisha peleka sampuli maabara. Watengeneza sabuni nao: kostiki soda ni kemikali kali inayochoma ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, tia soda kwenye maji, usimimine maji juu ya soda, na sabuni ya mche uiache ikomae wiki kadhaa kabla ya kuiuza.

"Wote walioonja wameipenda."

Wote ni nani? Shemeji, majirani, wanakwaya. Hao wanakupenda wewe. Mpe mtu asiyekujua, kwa bei kamili, chupa isiyo na jina lako, kisha subiri uone kama atarudi kununua ya pili. Ununuzi wa pili ndio ninaouamini. Na kabla hujahangaika na jina wala rangi ya lebo, tafuta chupa. Mwulize mwenye duka la vifungashio kama aina hiyo hiyo ataipata mwezi ujao na mwezi unaofuata, na kwa bei gani ukichukua katoni nzima. Nimeona watu wanachapisha lebo elfu moja za chupa ambayo haikuonekana tena sokoni.

"Kikundi ni kugawana sawa kwa sawa."

Vikundi vingi vinaundwa ili kupata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Si vibaya. Lakini kikundi cha mkopo na kikundi cha kutengeneza bidhaa havifanani. Kwenye bidhaa kuna aliyeleta vipimo, kuna anayekesha na sufuria, kuna anayezunguka na kapu madukani, na kuna anayefika siku ya mgao. Mkiwagawia wote sawa, mpishi ataondoka na vipimo vyake kichwani, na wengi wao huondoka wakati oda zinaanza kuja.

Kwa hiyo andikeni. Mleta vipimo apate kiasi fulani kwa kila chupa iliyouzwa, hata siku ambayo hakupika. Kazi ilipwe kwa siku au kwa idadi ya chupa. Faida igawanywe baada ya kutenga fedha za malighafi za mzunguko unaofuata. Alama ya biashara isajiliwe kwa jina la kampuni au ushirika wenu, wala si kwa jina la mwenyekiti. Semeni pia mwanachama akitoka anachukua nini na anaacha nini, na akifariki warithi wake wanapata nini, kwa maana hapo ndipo ugomvi unapokuwa mkali zaidi. Someni kwa sauti mkutanoni, wote wasaini, asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua mwenyewe, na kila mmoja aondoke na nakala yake kabla ya oda kubwa ya kwanza.