Nyumba za akina George: mbele matofali mazuri, nyuma lolote lililopatikana

Ukisimama barabarani Bedford Square, London, utadhani mbele yako kuna kasri moja refu. Ndivyo walivyotaka uone. Eneo hilo lilijengwa kuanzia 1775 hadi 1783, na kila upande nyumba ya katikati ilipigwa lipu na kuwekewa nguzo za mapambo, ili safu nzima ionekane mali ya bwana mmoja. Kumbe kila mlango ni nyumba yake na kila nyumba ina mwenyewe.

Kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani, hasa haya ya safu yaliyojengwa enzi za wafalme wanne walioitwa George, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830. Wateja wangu hushangaa nikiwaambia kwamba nyingi kati ya nyumba hizo za kifahari zilijengwa kwa ubahili.

Chanzo ni ardhi. Koo zenye ardhi kubwa London, kama Bedford na Grosvenor, zilikodisha viwanja badala ya kuviuza, mara nyingi kwa miaka 99 (mwenye hati ya namna hiyo Tanzania hahitaji maelezo). Muda ukiisha, kiwanja na nyumba vyote vinarudi kwa mwenye ardhi. Mkodishwaji kwa kawaida alikuwa mwashi au seremala asiye na mtaji mkubwa. Mwaka wa kwanza au miwili alitozwa kodi ya jina tu, punje ya pilipili manga, na ndani ya muda huo ilimbidi apandishe boma na kulitafutia mnunuzi kabla kodi kamili haijaanza. Wengi walifilisika. Mtu wa aina hiyo hana sababu ya kujenga ukuta wa kudumu miaka 300.

Sasa tazama ukuta wa mbele. Matofali mazuri ya rangi moja yalikuwa ghali, kwa hiyo fundi aliyatumia kujenga ganda la nje tu, lenye unene wa nusu tofali, kama inchi 4. Nyuma yake aliweka ya bei rahisi, mengine yamechomwa vibaya. Ili ganda lishikamane na ukuta wa ndani, baada ya kila tofali lililolala kwa urefu, linalofuata hulazwa kichwa kikiwa nje na mkia ukiingia ndani. Wajanja waliyakata haya katikati wakapata vichwa viwili kwa tofali moja. Kwa nje hutambui kitu. Isitoshe, walizika mbao ndani ya ukuta ili kuuimarisha. Mbao zikioza, ukuta unavimba kwenda nje. Ndiyo maana nikifika mahali huanza kwa kugongagonga na kusikiliza.

Sheria nazo ziliichonga sura hii, kwa hofu iliyobaki baada ya moto mkubwa ulioiunguza London mwaka 1666. Ile ya 1709 ilitaka fremu za madirisha zirudi ndani inchi 4 kutoka usoni mwa ukuta. Ya 1774 ikataka zijifiche nyuma ya matofali, ikagawa nyumba katika madaraja manne, kila daraja na unene wake wa kuta.

Ndani ni vyumba viwili kila ghorofa, kimoja mbele, kimoja nyuma, na ngazi pembeni. Madirisha yanakuambia nani alikaa wapi: marefu kupita yote yako ghorofa ya kwanza, juu ya ile ya barabarani, walikopokelewa wageni; ukipanda yanafupika hadi chini ya paa, walikolala watumishi. Jiko liko chini ya usawa wa barabara, na makaa ya mawe yalimwagwa kupitia tundu lenye mfuniko wa chuma hadi stoo iliyo chini ya njia ya miguu, mbebaji asikanyage ndani.

Waongoza watalii hupenda kusema kila dirisha lililozibwa lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyodumu kuanzia 1696 hadi 1851. Mengine, naam. Mengine yalijengwa yakiwa hivyo hivyo, kwa kuwa nyuma yake kuna dohani na fundi alitaka uso ulingane.

Anayetaka kuuona ukweli wote kwa mara moja aende mji wa Bath, Uingereza, nyuma ya Royal Crescent, nyumba 30 zilizosanifiwa na John Wood Mdogo na kujengwa kuanzia 1767 hadi 1774. Mbele ni mawe na nguzo za sare. Nyuma, kila mnunuzi alijenga alivyopenda: madirisha hayalingani, paa hazilingani. Napapenda kuliko mbele.

Uharibifu mbaya zaidi ninaoukuta, hata hivyo, si wa mafundi wale. Ni wa waliokuja baadaye wakajaza saruji kwenye viungo vilivyojengwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huufungia ndani ya tofali, maji yakiganda wakati wa baridi uso wa tofali unabanduka. Na ukuta uliovimba si lazima ubomolewe. Mara nyingi inatosha kutoboa matundu membamba, kupitisha fito za chuma kisichoshika kutu kutoka ganda la nje hadi ukuta wa ndani, na kuziba kwa chokaa. Fito hizo hufanya kazi ya mikia ile iliyokatwa.