Jamani, Guides si kamati ya mapokezi

Jumatatu simu ikalia tena, afisa mmoja. "Mwalimu, tuna mgeni Jumatatu ijayo. Naomba mabinti kumi na watano wenye skafu, warefu warefu." Warefu warefu! Nikamuuliza wanakuja kufanya nini. "Kupokea, kugawa maji, basi." Huyo ni wa tatu tangu korosho zianze kuanguka.

Tumalize la jina kwanza. Sisi ni Girl Guides, yaani skauti wa kike, na jina tunaliacha kwa Kiingereza kwa sababu ukiliandika linavyotamkwa unapata gaidi, na mzazi mmoja wa Mikindani alishanijia juu kwa hilo. Ahadi, beji, salamu ya vidole vitatu, mkono wa kushoto: mtayaona tarehe 22 Februari, siku yetu Guides duniani kote. Vituo vya dunia, wanapokutana Guides wa nchi mbalimbali, ni vitano. Cha Afrika kinaitwa Kusafiri, Kiswahili hikihiki chetu, na hakina jengo. Napita.

Kinachoniudhi ni neno huduma. Likitajwa tu, watu wanaona sinia. Kwetu huduma huanza pale wasichana wanapoona tatizo wenyewe, ndani ya patroli, kikundi cha watu sita hadi wanane, wakiwa na kiongozi waliyemchagua wao. Mimi mlezi nakaa pembeni nauma ulimi. Ukishawaagiza, hata kama kazi ni njema, umepata vibarua wa bure wenye sare.

Mwaka jana patroli moja iliamua kuweka vibuyu chirizi vya kunawia mikono kwenye vyoo vya shule. Mimi ningemaliza kwa nusu saa. Wao wiki tatu. Dumu la kwanza la lita 5 walilitoboa chini mno, maji yakaisha kabla ya mapumziko. Kijiti cha kukanyagia kikakatika. Kisha sabuni ikaanza kupotea, kipande baada ya kipande. Wakawasema wavulana wa darasa la sita hadi wakaapizana. Binti mmoja mkimya, ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, akawahi asubuhi moja, akajibanza nyuma ya ukuta na kurudi na jibu: kunguru. Wakakoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, wakatoboa kifuniko. Wavulana wakaombwa radhi, nusunusu.

Na Guides wenyewe walianza bila kualikwa. Mwaka 1909, Crystal Palace, London, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwakusanya skauti wake. Wasichana wakajitokeza wakisema nao ni skauti. Mwaka 1910 wakapata chama chao, akakishika Agnes, dada yake. Hapo hakuna aliyeitwa kushika maua.

Sasa nikiri. Nina wasiwasi kama tunachojenga kwenye mkutano wetu wa Ijumaa kinafika Jumamosi. Likizo ndefu binti anaingia unyagoni, kungwi anamfunda kunyamaza mbele ya wakubwa. Shule ikifunguliwa, mimi namtaka aongee. Wenzangu wanasema unyago ndio adui. Sikubali. Wale waliochezwa pamoja wana urafiki ambao patroli zangu hazijaufikia, na sijapata njia ya kuviunganisha hivi viwili bila kumchanganya mtoto. Tena huo uchaguzi ninaojivunia: mara nyingi anashinda mwenye sare mpya, na sare ni hela ya korosho. Baba akivuna vibaya, binti anapoteza kura. Nimejaribu kuwapigisha kura wote wakiwa wamevaa nguo za nyumbani. Akashinda mwenye viatu.

Na ndiyo, mwaka juzi niliwapeleka kupokea mgeni. Nilichoka kubishana. Walisimama juani saa nne nzima, wawili wakaanguka, mgeni akapita na gari vioo vimefungwa.

Safari hii nilimwambia yule afisa aje Ijumaa saa tisa alasiri, chini ya mwembe, awaombe mwenyewe. Akaja, na kalamu mfukoni. Wakamkalisha kwenye duara, chini kama wao, kiongozi wa patroli akafungua daftari. Swali la kwanza: "Shikamoo. Huyo mgeni anafika saa ngapi, ya kweli?"