Maana ya "mipaka inayofifia" katika maua

Mipaka inayofifia ni dhana ya botania inayohusu ua ambalo sehemu zake hazibadiliki ghafla kutoka aina moja hadi nyingine, kwa sababu jeni zinazoamua kipande kipi kiwe nini hufanya kazi katika maeneo yanayoingiliana na kudhoofika taratibu pembezoni. Ua la vitabuni, lenye sepali (vipande vya nje vinavyofunika tumba), petali (vipande vya rangi), stameni (sehemu za kiume zenye chavua) na kapeli (sehemu za kike zinazozaa mbegu) katika duara nne zilizotengana, hufafanuliwa na modeli ya ABC ya mwaka 1991, inayosema kwamba makundi matatu ya jeni, A, B na C, huamua kila duara liwe nini, na iliyotokana na utafiti wa mimea ya Arabidopsis na Antirrhinum. Yungiyungi halikubali duara hizo: petali zake huzidi kuwa nyembamba kuelekea kitovuni, hadi ukutane na kipande kilichobeba vifuko vya chavua ilhali bado kina ubapa na rangi ya petali.

Mfano unaotajwa zaidi ni Amborella trichopoda, kichaka cha kisiwa cha New Caledonia, ambacho vipande vya ua lake hujipanga katika mstari unaozunguka, na jeni za kundi B, ambazo katika Arabidopsis hutumika kwenye petali na stameni, huonekana hata kwenye tepali (vipande visivyogawanyika kuwa sepali na petali) za nje kabisa. Hapo ndipo makosa huanzia, kwani wengi huandika kwamba Amborella ni "mama wa maua yote". Huko ni kumwita binamu yako bibi kwa kuwa tu anaishi katika nyumba ya zamani. Ukoo wa Amborella ulitengana na ule wa mimea mingine yote yenye maua zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita, na tangu hapo pande zote mbili zimebadilika kwa muda ule ule. Maua yake leo ni ya kiume au ya kike, ingawa la kike bado hubeba stameni zisizotoa chavua. Ilhali utafiti ulioongozwa na mwanabotania Hervé Sauquet mwaka 2017 ulikadiria kwamba ua la mwanzo lilikuwa na jinsia zote mbili, na tepali zilizopangwa tatutatu katika duara, wala si katika mstari unaozunguka.

Basi tuiite Amborella ndugu wa mimea mingine yote yenye maua, na tepali tusiiite petali ambayo haijakamilika, maana imekamilika kwa namna yake.